Wachora chale wa Eastlands nao wana watoto wa kulea

Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Mtoto mwenye kipawa cha kuchora aliambiwa waziwazi kwamba sanaa na michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu, sambamba na sayansi na masomo ya jamii. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, lipo swali ambalo sijalisikia likiulizwa katika mikutano ya wazazi wala katika warsha za walimu: mtoto huyo akishahitimu, ataishi kwa kuchora nini, na je, kazi hiyo itamwezesha kulea familia?

Katika mitaa ya Eastlands swali hili si la nadharia. Huko, vijana wengi wanaojua kushika kalamu na brashi hawafanyi kazi katika majumba ya maonyesho. Wao huandika mabango ya maduka na vinyozi, hupamba matatu zinazokwenda Buruburu, Umoja na Kayole, na baadhi yao huchora ngozi za watu. Hao wa mwisho ndio ninaotaka kuwazungumzia leo: wachora chale, au wachora tatuu kama vijana wanavyowaita.

Kila mara suala la chale linapozuka, mjadala huishia kwenye ngozi ya aliyechorwa. Wahubiri huuliza kama ametenda dhambi. Waajiri huuliza kama anafaa kuajiriwa. Wazazi hulalama kwamba binti ameharibika. Sikusudii kuingilia imani ya mtu. Ninachostaajabia ni kwamba nadra sana tumuulizie yule aliyeshika sindano. Naye huyo ni mume au mke wa mtu, ana kodi ya nyumba ya kulipa, na jioni kuna mtoto anayemngojea amsaidie hesabu alizopewa na mwalimu.

Hoja yangu ni hii. Mchora chale hawezi kuipatanisha kazi yake na familia kwa kujipangia saa peke yake, hata akiwa na bidii ya mchwa. Anahitaji ukuta baina ya sindano na kitanda cha mtoto. Ukuta huo haujengwi kwa mawe tu. Hujengwa pia kwa sheria, kwa bima na kwa heshima ya majirani.

Kwanza tuondoe dhana kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu. Neno chale lenyewe ni kongwe katika Kiswahili, na desturi ya kuchanja ngozi kwa urembo, kwa tiba au kwa kutambulishana ilijulikana katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Wamakonde wa Kwale, waliotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016 kudai uraia wa Kenya na wakaupata, ni watu wa jamii ambayo wazee wake walijulikana kwa nembo zao za usoni. Kilicho kigeni ni mashine ya umeme, ambayo Samuel O'Reilly aliipatia hataza mjini New York mwaka 1891. Kipya zaidi ni kwamba kazi hii sasa ni biashara ya kila siku, inayofanywa na mtu mmoja mmoja katika chumba cha kukodi.

Tunao pia mfano wa karibu zaidi. Katika Majengo ya Pumwani na katika mtaa wa Eastleigh wapo wanawake wanaopaka hina na piko. Kazi yao nayo ni ya kuupamba mwili, na aghalabu hufanywa nyumbani, watoto wakicheza kando. Hakuna anayewanyooshea kidole. Bibi harusi huwaendea kwa heshima, na mama humrithisha bintiye ujuzi huo bila kuona haya. Kwa nini? Sababu ni mbili. Kwanza, hina haitoboi ngozi wala haimwagi damu, ingawa piko iliyotiwa kemikali za kupakia nywele yaweza kuiunguza ngozi vibaya. Pili, jamii imeipa kazi hiyo mahali pake katika sherehe zake. Mchora chale amekosa yote mawili. Kazi yake ina damu, na jamii haijampa mahali.

Ninaposema mahali, nina maana pia ya mahali hasa pa kukaa na kufanyia kazi, na hapa hatuna budi kuangalia jinsi Eastlands ilivyojengwa. Serikali ya kikoloni ilipoianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na ilipoendelea kujenga nyumba za Waafrika upande wa mashariki wa jiji, Mwafrika alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kupita. Mkewe na watoto walitarajiwa kubaki mashambani. Vyumba vingi vilikuwa vya makapera, na mishahara nayo ilikuwa ya makapera. Ilipofika mwaka 1954 ndipo kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipopendekeza kwamba mshahara wa chini uwe wa kumkimu mtu mwenye familia.

Si mitaa yote iliyojengwa hivyo. Kaloleni ya miaka ya 1940 iliwafikiria watu wenye familia, na Buruburu, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970, ilikuwa na nyumba za vyumba kadhaa ambazo watu walizinunua kwa mikopo. Lakini jiji lilikua upesi kuliko mipango yake. Leo mpangaji wa kawaida wa Huruma, Dandora au Kayole huishi katika chumba kimoja ndani ya jumba la orofa nyingi, na kinachotenganisha sebule na chumba cha kulala ni pazia. Mkoloni alidhani mfanyakazi hana familia mjini. Sisi tumeileta familia mjini, kisha kwa kukosa ajira tukaileta na kazi pia, vyote ndani ya chumba kile kile.

Fundi wa viatu aweza kufanya kazi mlangoni pa nyumba yake bila madhara makubwa. Mshonaji vivyo hivyo. Mchora chale hawezi. Tatizo lake la kwanza ni saa. Fundi mmoja ninayemfahamu, baba wa watoto wawili mwenye kibanda katika mtaa wa Umoja, alinieleza kwamba wateja wake huja Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili, na hasa mwisho wa mwezi. Hizo ndizo siku ambazo watoto wako nyumbani. Jumanne asubuhi, watoto wakiwa shuleni, yeye huketi kibandani akizihesabu matatu zinazopita. Mchoro mkubwa huchukua saa nyingi, na ukishaanzwa haukatizwi ovyo. Simu ya mwalimu ikilia kwamba mtoto ana homa, mikono yake imo ndani ya glavu na mteja ana nusu ya simba begani.

Ratiba ya mwaka nayo humgeukia. Desemba, familia nyingi zinapofunga safari kwenda mashambani, yeye ndipo anapopata kazi nyingi. Januari, karo na sare zinapodaiwa, wateja hutoweka, kwa maana nao wanalipa karo. Mwalimu anayemfukuza mtoto kwa sababu ya karo wiki ya kwanza ya muhula hajui kwamba baba wa mtoto huyo aliikosa Krismasi ya wanawe akiitafuta karo iyo hiyo.

Fundi huyu na mkewe walifanya shauri. Mke ndiye anayeshika daftari la miadi, na Jumapili hakuna kazi, hata mteja awe nani. Walipoteza baadhi ya wateja. Lakini aliniambia kwamba tangu hapo wanawe wameacha kumwita jina la mgeni kila anapoingia mchana. Nilicheka, naye hakucheka.

Hali ya mama ni ngumu zaidi. Wapo wanawake ambao waliingia katika kazi hii kupitia saluni: walianza na kucha, wakaendelea na nyusi, hatimaye wakajifunza chale. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo, na mwanamume wiki mbili. Lakini mama anayejiajiri hana wa kumpa likizo. Hupumzika kadiri akiba yake inavyomruhusu, na akirejea hukuta wateja wamekwisha kuhamia kwa wengine. Ndiyo maana baadhi yao huanza tena kazi mapema, nyumbani, nyuma ya pazia, mtoto mchanga akiwa hatua chache tu kutoka kwenye meza ya sindano.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo, kwa sababu jambo hili ni la uhai. Sindano inayotoboa ngozi hubeba damu, na damu yaweza kubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B na C. Virusi vya aina ya B ni sugu mno. Huweza kuishi nje ya mwili kwa siku kadhaa, juu ya meza au kitambaa kinachoonekana kikavu na safi. Kenya iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2001. Maana yake ni kwamba mchora chale mwenye umri wa miaka 30 au 40 hakuipata utotoni katika ratiba hiyo. Akiwa hakuitafuta mwenyewe akiwa mtu mzima, yumo hatarini kila siku ya kazi, na mkewe au mumewe naye yumo.

Fikiria pia sindano zilizotumika. Hospitali ina utaratibu wa kuziteketeza. Fundi wa chumbani ana mfuko wa taka wa nyumba. Mfuko huo hubebwa pamoja na maganda ya ndizi hadi jaa la Dandora, ambako watu, wakiwemo watoto, huchambua taka kwa mikono mitupu wakitafuta vya kuuza. Hivyo sindano iliyomchora kijana wa Buruburu yaweza kumchoma mtoto wa Dandora asiyejua hata chale ni nini. Nani atasema basi kwamba hii ni siri ya mtu na ngozi yake?

Wapo watakaonijibu kwamba dawa ni rahisi: kazi yenyewe ipigwe marufuku. Naelewa wanakotoka, lakini wenzetu wamekwisha kuijaribu dawa hiyo. Nchini Korea Kusini, uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1992 uliihesabu kazi ya chale kuwa ya kitabibu, hivyo asiyekuwa daktari akawa mkosaji kwa kuifanya. Je, chale zilikoma? La hasha. Wachoraji waliendelea kwa maelfu, wakijificha katika vyumba visivyo na vibao mlangoni, wakiogopa polisi na hata wateja wao wenyewe. Mnamo Septemba 2025 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwapa leseni wasio madaktari. Japani nayo, Mahakama ya Juu iliamua Septemba 2020 kwamba kuchora chale si kazi ya kitabibu. Ulaya ilifuata njia nyingine: tangu Januari 2022 Umoja wa Ulaya umezuia maelfu ya kemikali katika wino wa chale, badala ya kumzuia fundi.

Hata hapa nyumbani tunao ushahidi. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, mambo tuliyoyashukuru. Lakini ule mstari wa njano na rangi moja viliwanyang'anya kazi wachoraji wengi waliokuwa wakipamba matatu. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza kwamba matatu zenye michoro zisisumbuliwe, brashi zilirudi gereji. Funzo ni kwamba usalama na sanaa si maadui. Serikali yaweza kudai mkanda wa kiti bila kuufuta mchoro ubavuni mwa gari.

Kwa hivyo, tufanye nini? Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti huduma za afya mashinani na utoaji wa leseni za biashara. Kaunti ya Nairobi haihitaji kungojea mtu. Nayo iitaje kazi hii kwa jina lake, badala ya kuificha chini ya saluni na vinyozi. Iweke masharti machache yanayoeleweka: chumba kisicholalwa na mtu, sindano ya kutumika mara moja, chombo cha kutakasia vifaa kwa mvuke, kisanduku kigumu cha sindano zilizotumika, na uthibitisho kwamba fundi amepata chanjo ya homa ya ini aina ya B. Sindano hizo zipokelewe katika zahanati za kaunti. Na mtoto aliye chini ya umri wa miaka 18 asichorwe, hata aje na barua.

Lakini leseni ikiwa ghali, fundi atarudi nyuma ya pazia. Hapo ndipo ninapotofautiana na maafisa wanaoiona leseni kuwa chanzo cha mapato tu. Ni heri mafundi kadhaa wakubaliwe kukodi chumba kimoja kwa leseni moja na kupokezana zamu, kuliko kila mmoja kujifungia nyumbani kwake. Zamu hizo ndizo zitakazompa baba Jumapili yake, na ndizo zitakazomwezesha mama aliyejifungua kuwaachia wenzake wateja wake kwa muda bila kuwapoteza.

Kuna na bima. Tangu Oktoba 2024 mpango mpya wa bima ya afya ya jamii, SHA, umechukua mahali pa NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, kidogo kidogo. Asiye na mwajiri hukadiriwa mapato yake na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Kwa mtu ambaye Januari yake ni kavu na Desemba yake ni mafuriko, kulipa kwa mkupuo ni mtihani. Nawashauri mafundi wautenge mchango huo Desemba, fedha zikiwa mkononi, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Nayo serikali ijue kwamba mjini mapato huja kwa misimu, kama mavuno.

Sasa niwageukie walimu, ambao najua ndio wasomaji wakubwa wa ukurasa huu. Katika miaka niliyofundisha, niliona jinsi mtoto anavyosita anapoulizwa mbele ya darasa mzazi wake anafanya kazi gani. Mtoto wa mwuguzi hujibu kwa sauti. Mtoto wa mchora chale hujibu kwamba baba ni mfanyabiashara, kisha huinamisha kichwa. Mtoto huyo hakuzaliwa na aibu hiyo. Sisi ndio tuliomvisha. Mzazi anapofika shuleni na mikono yenye michoro, akapokewa langoni kama mshukiwa, mkutano ujao hatakuja. Tukishamfukuza kwa macho, tusiandike katika ripoti kwamba wazazi wa Eastlands hawajali elimu ya watoto wao.

Simaanishi kwamba mwalimu awahimize wanafunzi kuchorwa chale. Sheria za shule zibaki sheria za shule, na chale haifutiki kama chaki. Kijana wa miaka 16 hajui atampenda nani akiwa na miaka 26. Ninachosema ni kwamba tofauti ipo baina ya kumkanya mtoto asichorwe na kumdharau mtu anayechora. Somo la afya lizungumzie sindano na homa ya ini bila kejeli. Somo la sanaa lieleze kwamba mkono unaoweza kuchora ngozi waweza pia kuchora vitabu, vitambaa, mabango na katuni, na kwamba mtu mwenye njia nyingi za kuuza kipawa chake hatalazimika kufanya kazi usiku wa manane nyumbani mwake.

Nanyi wanafunzi, hasa mliochagua mkondo wa sanaa, msidanganywe na wale wanaowaambia kwamba kipawa pekee kinatosha. Fundi niliyemtaja ana kipawa. Kilichoiokoa nyumba yake ni daftari la miadi, siku moja ya mapumziko isiyojadiliwa, na mke waliyekubaliana naye wakiwa wameketi mezani, si wakigombana mlangoni. Ulizeni kuhusu kazi yoyote mnayoitamani: itafanyika saa ngapi, itafanyika wapi, na nani atakuwa na watoto wakati huo? Maswali haya hayaulizwi katika mtihani wa taifa, lakini maisha huyauliza kila jioni.

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Kazi ya kuchora chale, ukiipenda usiipende, imekwisha kuingia katika mitaa yetu na inalisha nyumba zenye watoto. Kaunti iwape mafundi hawa chumba na masharti, bima iwape nafasi ya kupumua, nasi walimu na wazazi tuwape wana wao nafasi ya kutaja kazi ya baba na mama bila kuinamisha vichwa. Hapo ndipo sindano itakapobaki kazini, na mzazi akarudi nyumbani.